Nguruwe anagonjwa kutoka wapi?

Mama mmoja aliuliza kama nguruwe anapata wazimu wa ngombe. Kule Uingereza walilisha nguruwe bongo za ngombe wagonjwa, hawakugonjwa.

Hapa kwetu Kivu tuogope ingine: tegu, mnyoo mrefu wa tumbo. Huo nguruwe anaupata kwetu sisi watu. Anakula mavi yenye mayai ya mnyoo, kiisha nyama yake inakuwa na vipunje vyeupe sawa mchele. Ukiila haijaiva, mnyoo unakua tumboni mwako. Mayai yake, kwa mikono michafu, yanaingia kinywani mwa mtoto, wadudu wanafika mpaka kwenye bongo, wanaweza kuleta kifafa. Si uchawi.

Basi: chimba choo, funga nguruwe, ivisha nyama mpaka ndani, nawa mikono na sabuni.