Mbio za Ngamia za Sinaw Ambazo Mshindi Hamwachi Mwenzake

Alfajiri ya Alhamisi, soko la mifugo la Sinaw, mji ulio ukingoni mwa jangwa katika jimbo la Sharqiya Kaskazini nchini Oman, huwa limekwisha kujaa. Mabedui huja na mbuzi na ngamia nyuma ya magari, na wanawake waliovaa barakoa hupatana bei sawa na wanaume. Si ajabu kusikia Kiswahili katika jimbo hili, kwani koo nyingi za Sharqiya zilikuwa na jamaa Unguja na Pemba, na wengi wao walirejea baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hasa Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970.

Miongoni mwa wanyama hao wamo ngamia wa mbio: wembamba, wenye miguu mirefu, na mara nyingi majike.

Anayewafuga ngamia hao hauachi mchezo huo maisha yake yote. Utotoni huchunga mifugo ya babake, ujanani hupanda, uzeeni huwa mfunzi, ambaye Waarabu humwita mudhammir, na ndiye anayewavuta vijana wasiuache mchezo. Ngamia huanza kufunzwa akikaribia miaka miwili. Hulishwa shayiri, tende, maziwa na asali, na hutembezwa masafa marefu kabla ya kukimbizwa. Akikomaa hukimbia kilomita 8 kwa kasi ya takriban kilomita 40 kwa saa.

Lakini ushindi una adha yake. Ngamia wa Oman wanasifika katika nchi zote za Ghuba, na anayeshinda hufuatwa na wanunuzi matajiri kutoka nchi jirani. Mfugaji hurudi nyumbani na fedha mkononi na kamba tupu.

Mpandaji naye ametoweka. Kwa miaka mingi mbio za Ghuba zilitumia watoto wadogo kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, jambo lililolaaniwa kote duniani. Mwaka 2005 Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu zilipiga marufuku watoto hao, na zaidi ya 1,000 wakarejeshwa makwao. Mahali pao pakachukuliwa na roboti yenye uzito wa kilo chache, inayoongozwa na mwenye ngamia akiwa ndani ya gari kando ya njia. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa. Hata hivyo, roboti haimfundishi kijana kupanda.

Ndiyo maana ardha ina thamani kubwa kwa Waomani. Katika mchezo huu, ulioingizwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi ya UNESCO, wapandaji wawili huwakimbiza ngamia au farasi bega kwa bega wakiwa wameshikana mikono. Juu ya farasi, wengine husimama wima mgongoni. Watu huimba taghruda, mashairi mafupi ya Mabedui yasiyo na ala. Msikilizaji wa Lamu, ambako punda hushindanishwa wakati wa Maulidi, atashangaa: hapa anayemwacha mwenzake nyuma ameharibu.

Jozi kama hiyo huhitaji wanyama wenye mwendo mmoja, waliozoeana kwa muda mrefu. Mnunuzi wa Alhamisi kwa kawaida humtaka mmoja tu.