Fahamu: Kutoka Lumakanda hadi uzamivu Ujerumani, upange nini?

Barua ya kukubaliwa chuoni ni mwanzo tu. Msomi wa Lumakanda anayeelekea Ujerumani kusomea uzamivu ana mengine ya kushughulikia mapema.

Karatasi za safari. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na kuna ofisi ya uhamiaji mjini Eldoret. Viza hutolewa na ubalozi wa Ujerumani, Nairobi. Anza miezi kadhaa kabla. Anayejigharamia kwa kawaida hutumia akaunti maalumu ya fedha za kujikimu: tangu Septemba 2024, kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, nawe hupewa euro 992 kila mwezi.

Ajira au ufadhili? Ukiajiriwa na chuo kama mtafiti, hukatwa kodi na bima, na mwajiri huchangia takriban nusu ya bima ya afya. Ukiishi kwa ufadhili, uliza mapema bima inalipwa na nani. Usitegemee bima nafuu ya wanafunzi. Kwa kawaida haiwahusu wa uzamivu.

Nyumba. Amana yaweza kufikia kodi ya miezi mitatu. Uliza pia kama kodi inajumuisha gharama za kupasha nyumba joto. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, jiandikishe katika ofisi ya wakazi ukiwa na barua ya mwenye nyumba.

Nyumbani. Kabla ya kuondoka, keti na wazazi mkubaliane utatuma kiasi gani na lini. Posho ya utafiti ni ya kukuwezesha kumaliza masomo. Jamaa wakilielewa hilo mapema, watakuwa nguzo yako.