Gogo au Joka la Mtoni?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Leo tulipime neno hilo tukiwa ukingoni mwa mto.

Mto Mkondoa, unaopita Kilosa, si wa kuchezea wakati wa mvua. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kuharibu reli ya kati. Mto ukijaa namna hiyo hubeba kila kitu. Hebu chukulia watu wawili wamesimama ukingoni. Kitu kirefu, cheusi, kinaibuka, kinazama, kisha kinaibuka tena upande wa juu, kana kwamba kinapanda mto. "Joka hilo!" anasema mmoja. "Gogo tu," anajibu mwenzake. Nani mkweli?

Wote wawili wameona kitu. Ubishi uko kwenye jina lake. Gogo lililolowa sana huelea likiwa karibu lote limezama. Likinaswa penye maji yanayozunguka, huvutwa chini, likarudishwa nyuma, likaibuka. Majani yanayooza ndani ya tope nayo hutoa gesi, maji yakatokota bila moto. Na mzoga uliozama huvimba, ukapanda juu siku chache baadaye.

Macho nayo hudanganyika. Anayepita barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, jua likiwa kali, huona dimbwi la maji juu ya lami, akilisogelea, linakimbia. Hayo ni mazigazi: hewa yenye joto kali juu ya lami hupinda mwanga, tukaiona mbingu chini tukadhani ni maji. Kwenye bwawa la viboko humo hifadhini, mgeni huona mawe. Ghafla mawe yanapumua! Kiboko ana macho, masikio na pua juu kabisa ya kichwa, na huweza kukaa chini ya maji kwa dakika kama 5.

Je, kila ajabu ni uongo? La. Picha mashuhuri ya mnyama wa Loch Ness, huko Scotland, ilitolewa mwaka 1934. Mwaka 1994 ikafichuliwa kuwa ni nyambizi ya kuchezea iliyopachikwa kichwa cha bandia. Lakini silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na baadaye wavuvi wa Tanga nao wakamnasa mara nyingi. Tofauti ni moja: silikanti alilazwa mezani, akapimwa.

Jambo hili si mzaha. Mamba akimkamata mtoto mtoni, huzuka maneno kwamba "ametumwa", na kidole kikaelekezwa kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Mamba hangoji kutumwa. Hujua mahali watu wachotapo maji kila siku, akatulia hapo kama gogo. Tukimwadhibu bibi, mamba anabaki palepale, na kesho mtoto mwingine atakwenda na ndoo yake. Tukichimba kisima, au tukijenga uzio pale mtoni, tumeokoa wawili: mtoto na bibi.

Basi, ukiona ajabu majini, simama mbali, tazama, uliza, ndipo uipe jina.