Udongo wa Mfinyanzi katika Mafunzo ya Sanaa

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2019, wazazi wengi wamelalamikia gharama ya vifaa vya miradi ya sanaa. Yamkini lalama hizo zingepungua iwapo walimu wangeukumbuka udongo wa mfinyanzi, ambao aghalabu huchimbwa kando ya mto bila malipo.

Mwanafunzi huondoa mawe na mizizi, akaulowesha udongo, kisha akaukanda hadi viputo vya hewa vitoke. Hatua hii haifai kuharakishwa: unyevu ukinaswa ndani, hugeuka mvuke motoni na kukipasua chombo. Mchanga kidogo ukichanganywa humo hupunguza kunywea kwa udongo. Baadaye mtoto huviringisha kamba za udongo, akazizungusha moja juu ya nyingine na kuzilainisha maungio. Chombo hukaushwa kivulini polepole, kwani jua kali hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, nacho kikafanya nyufa.

Mzazi amfanyiaye mwanawe mradi usiku (nao si haba!) humpokonya somo lenyewe. Chungu kikipasuka, mtoto hana analoweza kueleza. Kisipopasuka, mwalimu huituza mikono isiyo ya mwanafunzi wake.