Migomba ikinyauka, tuite nani?

Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, na toka hapo umeharibu mashamba mengi ya Kivu. Hauna dawa. Unapitia kwa panga na kwa wadudu wanaotua kwenye maua, kwa hiyo kinachookoa shamba ni kufika mapema.

Katika koperative tunazotembelea, habari inatupwa katika grupu ya simu. Kila mutu anasoma, kila mutu anafikiri mwenzake ataenda. Siku zinapita.

Tunashauri: kila juma muweke watu wawili wa zamu, majina na namba zao ziandikwe kwenye mlango wa depo. Ukiona majani yanageuka manjano na kulegea, ao ndizi zinaiva mbele ya wakati, mupigie wa kwanza. Mesaji peke yake haitoshi. Asipojibu kwa saa moja, pigia wa pili. Sema shamba ni la nani, migomba mingapi, umeona nini. Naye ajibu: «Nimesikia, nakuja saa fulani.» Bila jibu hilo, habari haijafika.

Jani la chini likikauka peke yake, ni uzee tu. Musichoshe watu wa zamu. Na mukimungoja, panga iliyogusa mgomba mgonjwa ichomwe kwanza kwa moto.