Gari la Magurudumu Sita la Kujitengenezea: Pima Kwanza, Chomelea Baadaye

Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2023 na zile za masika ya 2024 ziliwakumbusha wakazi wa Tana River jambo wanalolijua tangu zamani: udongo mweusi ukishalowa, pikapu haipiti, bodaboda inazama hadi ekseli, na maembe yanaozea chini ya mti yakingoja soko. Ndiyo maana baadhi ya wakulima na mafundi wa jua kali huwaza kujitengenezea gari dogo la kubebea mizigo, lenye magurudumu sita, la kupita pale ambapo magari ya kawaida hukwama.

Wazo hilo linawezekana. Fundi hodari wa kuchomelea, akisaidiana na makanika wa tuktuk au pikapu, anaweza kuunda gari la namna hiyo kwa vifaa vinavyopatikana nchini. Hata hivyo, gari linaloweza kutembea si lazima liwe gari linaloweza kusimama, na wengi wanaoanza kazi hii hufikiria injini kabla ya kufikiria breki. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima na kukokotoa kabla ya kukata chuma cha kwanza, pamoja na yale ambayo sheria inataka.

Anza na kazi, si injini

Andika kwenye karatasi mambo matatu: mzigo utakaobebwa, njia itakayopitwa na mwendo utakaohitajika. Tuchukue mfano wa mkulima anayetaka kutoa magunia manane ya mpunga, kila moja kilo 50, kutoka shambani hadi barabara kuu. Mzigo ni kilo 400. Tuseme gari lenyewe litakuwa na kilo 500, na dereva pamoja na vifaa vyake kilo 100. Jumla ni kilo 1,000. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa unatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Hesabu zote zinazofuata zinatokana na uzito huo. Ukiongeza chuma kizito, kiti cha pili na injini kubwa, utahitaji tairi kubwa zaidi, breki kali zaidi na mafuta mengi zaidi, na mwishowe gari litazama kwenye matope kama pikapu uliyotaka kuikwepa.

Kwa nini magurudumu sita

Faida ya kwanza ni kugawanya uzito. Kilo 1,000 kwenye magurudumu manne ni kilo 250 kwa kila gurudumu. Kwenye magurudumu sita ni takriban kilo 167. Iwapo kila tairi linagusa ardhi kwa eneo la sentimita 20 kwa 20, gari la magurudumu manne linakandamiza udongo kwa zaidi ya nusu kilo kwa kila sentimita mraba, na la magurudumu sita kwa kilo 0.42 hivi. Kiasi hicho cha pili kinakaribia kile cha mtu mzima anapokanyaga kwa mguu mmoja. Mahali ambapo mtu anatembea bila kuzama sana, gari hilo lina nafasi nzuri ya kupita.

Faida hiyo hupatikana tu kwa tairi pana na laini, zenye upepo kidogo. Tairi gumu la gari la kawaida lililojazwa upepo hugusa ardhi kwa eneo dogo na kukata udongo kama kisu. Ukipunguza upepo kupita kiasi nalo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Tairi za pikipiki za magurudumu manne zinafaa zaidi kwa sababu zimeundwa kwa upepo kidogo.

Faida ya pili ni kuvuka mashimo. Gurudumu moja likiwa hewani, mengine matano bado yanaweza kushika. Lakini magurudumu yote sita yakifungwa moja kwa moja kwenye fremu ngumu, mambo hugeuka: juu ya tuta, magurudumu ya katikati hubeba karibu uzito wote, kwenye mtaro, hayo ya katikati huning'inia bila kazi.

Dawa rahisi ni boriti ya mizani. Magurudumu mawili ya nyuma, kila upande, hufungwa kwenye ncha za boriti moja ya chuma inayochezea kwenye pini katikati yake, kama mbao ya watoto ya kupandishana na kushushana. Gurudumu moja likipanda jiwe la sentimita 20, pini hupanda sentimita 10 tu, na magurudumu yote mawili huendelea kubeba sawa. Vyombo vya Marekani vinavyotembea juu ya sayari ya Mars, kuanzia Sojourner mwaka 1997 hadi Perseverance mwaka 2021, vina magurudumu sita yaliyoungwa kwa mikono ya namna hiyo, bila springi. Pini hiyo ndiyo inayobeba uzito, hivyo iwe nene, iwe na bushi, na iwe na mahali pa kutilia grisi.

Kwa fremu, chuma cha mraba cha milimita 50 kwa 50, chenye unene wa milimita 3, kinafaa kwa gari jepesi la mfano wetu, mradi pembe ziimarishwe kwa vipande vya pembetatu. Usichomelee kamwe sehemu za usukani, springi au ekseli zilizokatika. Chuma chake kimekaushwa kwa moto maalumu, na mahali palipochomelewa panaweza kukatika ghafla bila onyo. Badilisha sehemu nzima.

Injini ndogo, gia nzito

Gari letu la kilo 1,000 likipanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 5, huku matope yakiliburuta nyuma kwa nguvu iliyo sawa na moja ya tano ya uzito wake, linahitaji mvuto sawa na kuinua kilo 400. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kazi hiyo inadai takriban nguvu farasi 7 kwenye magurudumu. Ukihesabu zinazopotea kwenye minyororo, beringi na gia, injini ya nguvu farasi 10 hadi 12 inatosha. Injini ya dizeli ya trekta la kusukuma kwa mkono ina nguvu ya kadiri hiyo. Injini ya tuktuk nayo ina faida ya kuwa na gia ya kurudi nyuma, ambayo pikipiki nyingi hazina.

Siri iko kwenye gia. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 husafiri mita 1.88 kila linapozunguka mara moja. Kwenda kilomita 5 kwa saa, lizunguke mara 44 kwa dakika. Iwapo injini inazunguka mara 2,200, gia zote kwa pamoja zipunguze mzunguko mara 50. Kwa kilomita 20 kwa saa, zipunguze mara 12 hivi. Fundi akikosa hesabu hii, klachi itaungua kwenye tope la kwanza, hata injini iwe kubwa kiasi gani.

Njia mbili za kupinda

Njia ya kwanza ni kupinda kwa kuzuia upande mmoja. Magurudumu matatu ya kila upande huunganishwa kwa minyororo. Dereva akizuia upande wa kushoto, gari hugeukia kushoto. Magari ya Argo, yanayotengenezwa Kanada tangu mwaka 1967, hutumia njia hii. Haihitaji usukani wenye viungo vingi, lakini hula nguvu ya injini, huchimba ardhi na kumaliza tairi. Ili gari lisikatae kupinda, umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma usizidi sana upana wa gari, na magurudumu ya katikati yawe chini kidogo kuliko mengine. Kwa sababu hiyo, njia hii haiendi pamoja na boriti ya mizani. Tairi laini ndizo zinazofanya kazi ya springi.

Njia ya pili ni usukani wa kawaida kwa magurudumu ya mbele, na ekseli mbili za nyuma kuvuta, kama lori. Boriti ya mizani inafaa hapa. Njia hii ni bora kwa safari ndefu kidogo, na ndiyo rahisi zaidi kwa mkaguzi wa magari kuielewa. Kila ekseli inayovuta iwe na difu, ile sehemu inayoruhusu gurudumu la ndani na la nje kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ekseli zikifungwa pamoja bila nafasi ya kutofautiana, kwenye tope hakuna shida kwa kuwa tairi huteleza, lakini kwenye lami shafti hujisokota. Lori la jeshi la Uingereza, Alvis Stalwart, lenye magurudumu sita, lilijulikana kwa tatizo hilo.

Breki kabla ya safari ya kwanza

Breki ziwe kwenye ekseli mbili au zaidi, kwa njia mbili zinazojitegemea, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Breki ya mkono iweze kulishika gari lililojaa kwenye mlima mkali zaidi utakaopita.

Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari, gari la kilomita 20 kwa saa lenye breki za wastani husimama baada ya mita 10 hivi kwenye ardhi kavu. Kwa kilomita 40 kwa saa huhitaji mita 27 hivi, yaani karibu mara tatu. Kwenye tope umbali huongezeka. Hii ndiyo sababu ya kulifungia gari lako mwendo wa kilomita 20 kwa saa.

Hatari mbili zinazoua

Kupinduka. Gari lenye upana wa sentimita 140, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 70 kutoka ardhini, hupinduka likilazwa nyuzi 45. Pandisha magunia hadi kitovu kifike sentimita 110, na litapinduka kwa nyuzi 32. Hizo ni hesabu za gari lililosimama. Likiwa kwenye mwendo, shimo moja linatosha kuliangusha mapema zaidi. Usipite kwa ubavu kwenye mteremko unaozidi mita 1 kwa kila mita 4. Weka fremu imara juu ya kichwa cha dereva pamoja na mkanda wa kiti, kwani fremu bila mkanda haimsaidii aliyerushwa nje. Mtu asikae juu ya mzigo, hata kwa safari fupi.

Maji ya mafuriko. Tairi pana zilizojaa hewa huelea. Tairi moja la kipenyo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 25, likizama lote, husukumwa juu kwa karibu kilo 70. Yote sita ni kilo 420. Gari tupu na dereva wake ni kilo 600, kwa hiyo zinabaki kilo 180 tu za kushika ardhi, na maji yanayokwenda kasi yatalibeba. Sifa ileile inayolipitisha kwenye tope hulifanya liwe hatari mtoni. Usivuke maji ya mafuriko kwa gari hili.

Pia lisichukuliwe kuwa ambulensi. Mama mjamzito anayekaribia kujifungua na anayeishi mahali panapokatika wakati wa mvua, ahamie kwa jamaa karibu na kituo cha afya kabla mvua hazijaanza.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari linalotumika barabarani lisajiliwe. Sura ya 405 inataka liwe na bima ya kulinda watu wengine. Barabara ya murram ya umma nayo ni barabara. Gari lisilosajiliwa libaki ndani ya shamba lako. Iwapo unanuia kulitoa, wasiliana na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA) kabla ya kuanza kujenga, uulize masharti ya ukaguzi, kwani ni ghali kubomoa kilichokwisha kuchomelewa.

Weka faili moja yenye:
• michoro na hesabu za uzito;
• risiti za injini na vipuri, pamoja na nambari ya injini na hati za gari ilikotoka;
• picha za kila hatua ya kazi.

Faili hiyo itakulinda pia usije ukashukiwa kununua mali ya wizi.

Jaribio kabla ya kazi

Lipime gari likiwa tupu, kisha na nusu ya mzigo, kisha na mzigo wote, katika uwanja usio na watu:
• Je, linasimama kwa mstari ulionyooka?
• Je, breki ya mkono inalishika mlimani?
• Je, minyororo yote imefunikwa?
• Je, swichi ya kuzima injini inafikika dereva akiwa amefunga mkanda?
• Baada ya saa 10 za kazi, je, kuna ufa wowote kwenye viungo vilivyochomelewa?

Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, au la mojawapo ya hayo mengine likiwa hapana, gari lirudi karakana.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba. Peleka michoro yako kwa mwalimu wa makanika au wa uchomeleaji katika chuo kilicho karibu nawe, aipitie kabla hujanunua chuma. Ofisi ya msimamizi wa wadi itakuelekeza.