Mita ya Ras Kiromoni, Gunia la Bunju

Si mbali na Bunju, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, upande wa baharini, kuna mahali panapoitwa Ras Kiromoni. Hapo ndipo umeme wa Unguja unapoingia majini. Waya wa kwanza wa kilovolti 132 ulilazwa kwenda Fumba mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za msaada kutoka Marekani, baada ya Unguja kukaa gizani mara mbili: karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009.

Umeme unaopita hapo kiasi chake kinajulikana. Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) linauza kwa jumla, Shirika la Umeme Zanzibar linanunua, na ankara inaandikwa. Muuzaji hataki yuniti hata moja ipotee, mnunuzi naye hataki kulipia asichokipata. Namba moja inakaguliwa na pande mbili zenye maslahi yanayopingana, ndiyo maana inaaminika. Mtakwimu akiihitaji kwa ajili ya mizania ya nishati ya nchi, kazi yake ni kuinakili tu.

Sasa panda kutoka pwani hadi Barabara ya Bagamoyo uone nishati nyingine inavyoingia mjini. Magunia ya mkaa yamesimama kando ya barabara, yamejazwa kupita mdomo, na kile kilichozidi kimeshikiliwa juu kwa majani na kamba zilizosukwa. Hakuna gunia linalolingana na jirani yake. Mteja naye hanunui kilo. Ananunua gunia, nusu gunia, kisado au kopo. Mkaa wa mti mgumu ni mzito na hudumu jikoni, ule wa mti mwepesi hujaza kisado kilekile kwa uzito mdogo, na ukinyeshewa, maji nayo yanauzwa humo humo. Mama lishe anayeijua kazi yake huchukua vipande viwili, akavigonga na kusikiliza: vikitoa mlio mkavu wa chuma, mkaa umeiva. Kipimo cha ubora ni hicho. Mizani haipo, risiti haipo, na gunia likishaingia uani hakuna ofisi yoyote duniani inayojua lilikuwa na kilo ngapi.

Nasema duniani kwa sababu ofisi zinazotaka kujua ni nyingi, na ziko mbali. Kamisheni ya Nishati ya Afrika, chombo cha Umoja wa Afrika chenye makao makuu Algiers, hukusanya takwimu kwa madodoso yanayojazwa na nchi wanachama. Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, New York, nayo hutuma dodoso lake kila mwaka. Shirika la Kimataifa la Nishati la Paris, lililoundwa mwaka 1974 baada ya mataifa tajiri kutikiswa na bei ya mafuta, lina majedwali yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambazo Tanzania ni mwanachama wa zote mbili, zinahitaji namba hizohizo kwa mipango yao. Ili wote wazungumze lugha moja, Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliunda kundi la wataalamu linaloitwa Kundi la Oslo, na kutokana na kazi yao yakapatikana Mapendekezo ya Kimataifa ya Takwimu za Nishati, yaliyopitishwa mwaka 2011. Yanasema kitu gani kihesabiwe, kihesabiwe wapi, na kwa kipimo gani.

Umuhimu wa makubaliano hayo unaonekana vizuri kwenye mafuta. Meli inayoshusha dizeli Dar es Salaam imebeba ya Tanzania pamoja na ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi. Kanuni ya kimataifa inasema mafuta yanayopita tu hayaingizwi kwenye hesabu ya nchi inayopitiwa. Bila kanuni hiyo lita moja ingehesabiwa Kigamboni, kisha ingehesabiwa tena Lubumbashi, na kanda nzima ingeonekana inaunguza mafuta ambayo hayajawahi kuwepo. Tanzania iliongezea kanuni hiyo kemia. Tangu 2010 mafuta ya soko la ndani yanawekwa vinasaba, ili yale ya kwenda nje yakirudishwa kwenye vituo vya hapa yabainike. Shabaha ilikuwa kodi na uchakachuaji, lakini mtakwimu naye alipata faida.

Umeme unaovuka mipaka unaelekea njia hiyohiyo. Mwishoni mwa 2024 njia ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida iliwashwa, na Kenya ilikwisha kuunganishwa na Ethiopia mwaka 2022. Umeme unaovuka mpaka wa Namanga una mita, una mkataba, na una watu wa kulipana.

Kwa hiyo nishati inayolipiwa ankara inahesabiwa, na ushirikiano wa mataifa juu yake unakwenda. Tatizo ni kwamba nishati kubwa kuliko zote katika kanda hii haina ankara. Kuni na mkaa ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya nishati yote inayotumika Tanzania, na hali haitofautiani sana Uganda, Burundi au mashariki mwa Kongo. Hata baharini, chombo kinachobeba mkaa wa bara kwenda Unguja kinavuka mkondo uleule wenye waya wa umeme chini yake. Waya una mita pande zote. Chombo kina magunia.

Hebu tuone ukubwa wa jambo hili kwa tarakimu. Viwango vinavyotumika kimataifa vinaipa kilo moja ya mkaa megajuli 29.5, na kilo moja ya kuni megajuli 15.6. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kati ya kilo 10 na kilo 20 za mkaa kutoka kilo 100 za kuni, kutegemea ukavu wa kuni, aina ya mti na ustadi wa mchomaji. Chukua sasa makadirio yaliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2009, kwamba Tanzania ilikuwa ikitumia tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Mchomaji akipata kilo 20 kwa 100, tani milioni 1 za mkaa zimekula tani milioni 5 za kuni. Akipata kilo 10, zimekula milioni 10.

Tofauti ya tani milioni 5 za kuni ni terajuli 78,000. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Ikizunguka yote kwa nguvu kamili, mchana na usiku, mwaka mzima bila kusimama, ingetoa kama terajuli 66,700. Joto la kuni si sawa na umeme kwa matumizi, hilo ni kweli, lakini kwenye mizania ya nishati vyote viwili huandikwa kwa juli. Shaka juu ya tarakimu moja, ile ya tanuri la msituni, inazidi kituo kikubwa kuliko vyote nchini.

Namba ya namna hiyo inapojazwa kwenye dodoso la Algiers au New York, inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye makadirio: idadi ya watu inazidishwa kwa wastani wa matumizi ya mtu mmoja uliopatikana katika utafiti wa zamani, na kila mwaka namba inapanda kwa kasi ya ongezeko la watu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa nalo limetegemea modeli za idadi ya watu na kipato kujaza mapengo ya kuni na mkaa. Sina ugomvi na makadirio. Pasipo kipimo ni afadhali yawepo. Ila jedwali lililochapishwa halionyeshi tofauti kati ya namba iliyosomwa kwenye mita na ile iliyobuniwa kwa kuzidisha. Zote zimesimama kwenye safu moja, kwa hati moja, na waziri anayezisoma anaziamini sawasawa.

Ndiyo maana kulinganisha nchi kunapotosha. Utafiti wa kitaifa wa mkaa wa Kenya uliochapishwa 2005 ulikadiria tani milioni 1.6 kwa mwaka. Weka namba hiyo karibu na milioni 1 ya Tanzania, utasema Wakenya walikuwa wanachoma mkaa zaidi kuliko sisi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni tofauti ya njia za kuhesabu, kwa sababu tafiti hizo mbili hazikufanywa pamoja, kwa dodoso moja, wala kwa gunia lenye uzito uliokubaliwa. Mwaka 2015, mjini Durban, Kenya, Madagaska, Msumbiji, Uganda na Tanzania zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya magogo na mazao mengine ya misitu. Azimio hilo lilikuwa hatua njema. Lakini ukitaka kuzuia mkaa usivuke mpaka, lazima ujue unavuka kiasi gani, na kila upande uwe unahesabu kitu kilekile.

Misitu yenyewe imetoa ushahidi ambao madodoso hayakuutoa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walipima misitu kuizunguka Dar es Salaam kwa kurudia maeneo yaleyale. Mwaka 1991 uchomaji mkaa ulitawala hadi kilomita 20 kutoka jijini. Mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Bunju, iliyo kama kilomita 30 kutoka Posta, katikati ya jiji, ilipitwa na wimbi hilo kati ya miaka hiyo miwili. Katika kipindi kilekile kwa kukaribia, kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Visiki vilitangulia, takwimu zikafuata.

Leo kuna sababu mpya ya kuhangaika na jambo hili. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati hiyo barani Afrika. Maendeleo yatapimwa kwa tafiti za kaya, na tafiti nyingi, sensa ya 2022 ikiwemo, huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia. Neno "kikuu" linaficha mengi. Nyumba nyingi za Bunju zina mtungi wa kilo 6 na jiko la mkaa chini ya paa moja: gesi kwa chai ya asubuhi na mboga ya haraka, mkaa kwa maharage na makande. Wakijibu "gesi", gunia lao linatoweka kwenye takwimu ilhali bado liko nyuma ya mlango. Nyumba zenyewe si hesabu yote. Banda la chipsi, nyama choma ya baa, mama lishe wa stendi, hakuna dodoso la kaya linalowafikia.

Njia ya kupima ipo na haihitaji mitambo. Mdadisi anafika asubuhi na mizani ya kuning'iniza, anapima mkaa uliopo, anaandika waliokula siku hiyo na umri wao, anarudi kesho saa ileile na kupima uliobaki. Anarudia siku kadhaa, ikiwemo Jumapili, kwa sababu Jumapili watu hupika zaidi. Anarudia masika na kiangazi. Mwenzake anasimama barabarani na kupima magunia hamsini au mia, apate uzito halisi wa gunia la Barabara ya Bagamoyo, na wa tatu anafuata matanuri. Kenya ilifanya utafiti mpana wa upishi majumbani mwaka 2019. Kampala kuna kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, na ofisi za takwimu za Dodoma, Zanzibar, Nairobi na Kampala zina wadadisi wenye uzoefu wa kugonga hodi.

Kinachokosekana ni makubaliano ya kupima msimu mmoja, kwa dodoso moja, na kuweka wazi data zote pamoja na njia zilizotumika, ili mtafiti wa Mwanza aweze kuzikagua namba za Kisumu na wa Kisumu azikague za Mwanza. Kila namba ya mkaa inayopelekwa Algiers au New York iambatane na alama inayosema imepimwa au imekadiriwa. Sensa ijayo, kwa utaratibu wa kila miaka kumi, itaangukia 2032, miaka miwili tu kabla mkakati haujafika mwisho. Kuisubiri ni kuchelewa. Kinondoni, Temeke na Bagamoyo zinaweza kuanza kiangazi kijacho, na mizani ya kilo 100 inapatikana Kariakoo.